Buu mweupe ndani ya kiwavi: dalili, sababu na namna ya kumjua buu wa nyigu vimelea

Kila msimu wa mahindi naletewa picha zilezile, kiwavi amepasuliwa, ndani au juu yake kuna vidude vyeupe, na swali ni moja tu, huyu ni nani? Wengine ni wanafunzi wa chuo wako kwenye projekti, wengine mabwana shamba, wengine wakulima wenyewe wameona viwavijeshi wamelegea na wana vitu vimewaganda mgongoni, wanaogopa ni ugonjwa mpya unaingia shambani. Nimefuga viwavi kwenye vikopo kwa miaka kadhaa na kuwapasua chini ya darubini, na kwa kweli watu wanakwama palepale kila mara, kwa hiyo nimepanga hapa kwa dalili. Tafuta dalili yako, anza na sababu ya juu maana ndo inatokea zaidi, ukishindwa shuka chini.

Ila kwanza soma hapa hata kama una haraka. Nyigu vimelea sio wale wanaojenga darini na kukung'ata sikio. Ni wadudu wadogo, wengine hawafiki milimita moja, jike anataga yai ndani au juu ya mdudu mwingine, buu anakula huyo mwenyeji mpaka anamuua. Buu aliyekomaa karibu wote wanafanana: kichwa, alafu pingili 13 za mwili (3 za kifua, 10 za tumbo), hana miguu, hana macho, rangi nyeupe au krimu, na utumbo wake wa kati umezibwa kwa nyuma, yaani hanyi mpaka amalize kula. Uchafu wote anautoa kwa mkupuo mmoja kabla ya kugeuka bundo (pupa, hatua ya kati kabla ya kuwa nyigu mzima). Mungu kampangia vizuri, angekuwa anachafua humo ndani anamolala angekufa yeye na chakula chake.

Sasa buu wa HATUA YA KWANZA, yule aliyetoka kwenye yai juzi, anaweza asifanane kabisa na huyo. Ana mkia, au pulizo, au kichwa kikubwa kama kofia, au vitu kama miguu. Akijivua ngozi mara moja au mbili vyote vinapotea. Makosa mengi ninayoyaona yanaanzia hapo, mtu anachukua mchoro wa hatua ya mwisho anaulinganisha na buu wa hatua ya kwanza, alafu anasema mchoro una makosa.

DALILI: Sina hakika kama ni buu wa nyigu kabisa

Mara nyingi ni buu wa inzi, hasa inzi wa familia ya Tachinidae ambao nao wanashambulia viwavi. Cheki rahisi: angalia mdomo. Buu wa inzi hana kichwa cha kuonekana, mbele amechongoka na ndani ya ngozi unaona kulabu nyeusi za mdomo, nyuma amekatika kama gogo na pale kwenye mkato kuna vibao viwili vya kupumulia, vya kahawia au vyeusi. Buu wa nyigu ana kichwa, hata kiwe laini na kidogo, na taya mbili zinazokutana kwa ubavu kama mkasi, alafu matundu ya hewa yamepangwa ubavuni, kwa kawaida jozi 9 akiwa amekomaa. Ukimwacha akageuka inakuwa rahisi zaidi, inzi anakuwa kidonge cha kahawia kama pipa dogo, nyigu ama anasuka kifukofuko cha hariri ama anakuwa bundo uchi unaloona miguu na papasi (antena) zake.

Sababu ya pili ni viungo vya kiwavi mwenyewe. Kiwavi dume ana korodani mbili mgongoni kwa ndani, umbo la maharage, njano au nyekundunyekundu, na nimeshaona ripoti nzima imeandikwa juu ya korodani hizo mwanafunzi akiamini ni mabuu. Vimirija virefu vinavyong'aa vinavyojipinda ubavuni ni tezi za hariri. Mabonge meupe yanayovunjika ukiyagusa ni mafuta. Mguse na pini, buu ana ngozi, anabonyea na kurudi, na ukiwa na bahati anajikunja.

Ya tatu ni minyoo. Uzi mweupe mrefu kuliko kiwavi mwenyewe, umejizungusha, hauna pingili, huyo ni mnyoo wa kundi la Mermithidae, haingii huku kabisa. Na ukiona "buu" ana miguu sita ya kweli na miguu ya nyama tumboni, huyo ni kiwavi, au ni buu wa nyigu wala majani ambaye anakula mmea na hana habari na viwavi wenzake.

SIMAMA HAPA: kama buu huyo ametoka kwenye ngozi au kidonda cha mtu, acha darubini. Nyigu vimelea hawakui ndani ya binadamu. Huyo ni buu wa inzi, nenda hospitali akatolewe vizuri, usimkamue mwenyewe.

DALILI: Nimepasua viwavi kumi sioni kitu, lakini wenzao kwenye kopo wametoa nyigu

Kwanza umepasua mapema mno au umepasua kwenye maji matupu. Yai na buu mchanga wako chini ya milimita moja na wanapitisha mwanga, kwenye maji ya bomba wanavimba wanapasuka hujawaona. Weka gramu 9 za chumvi kwenye lita 1 ya maji safi, tumia hayo. Chini ya kisahani weka karatasi nyeusi, taa itoke ubavuni isitoke juu, kata kiwavi kwa mgongoni kuanzia nyuma kuja mbele, mbandike ngozi kwa pini, alafu tikisa polepole. Buu anaelea, viungo vya kiwavi vimeshikiliwa na vimirija vya hewa haviendi popote. Hiyo tofauti tu imenisaidia kuliko darubini ya bei kubwa.

Pili, huenda umewaona ila hukuwajua. Ukiona chembe za mviringo, kubwa kuliko chembe nyingine zote za damu ya kiwavi, zinaelea moja moja, hizo ni teratosaiti. Zinatoka kwenye utando wa yai la nyigu yai linapoanguliwa, hasa kwa nyigu wa familia ya Braconidae kama Cotesia. Ukiziona jua buu yupo, endelea kutafuta, mara nyingi amejibana nyuma ya utumbo.

Tatu, kuna nyigu wa jenasi ya Chelonus wanataga kwenye YAI la nondo, sio kwenye kiwavi. Yai la nondo linaanguliwa kama kawaida, kiwavi anatoka anakula mahindi yako, huku buu amekaa ndani mdogo sana akisubiri. Ukimpasua kiwavi mchanga utaapa ni mzima.

DALILI: Buu wangu ana mkia, au pulizo, au kofia, na maelezo yanasema buu wa nyigu hana kitu

Hongera, umepata hatua ya kwanza, na hii ndo sehemu naipenda kuliko zote. Usimlinganishe na wa mwisho, mlinganishe na maumbo haya, nayaandika kuanzia unayoweza kukutana nayo zaidi ukiwa unapasua wadudu wa shambani kwetu.

Pulizo nyuma, kama kibofu kidogo cha duara: umbo la vesikuleti. Ukikuta ndani ya bungua (kiwavi anayetoboa na kula ndani ya bua) wa mahindi au mtama, na wako wengi pamoja, fikiria Cotesia. Hilo pulizo ni utumbo wa nyuma umetokezwa nje, linamsaidia kupumua na kubadilishana vitu na damu ya kiwavi. Watu wengine wanadhani buu ameumia utumbo umetoka. Hajaumia, yuko hivyo.

Mkia mrefu mwembamba: umbo la kodeti. Wengi ni nyigu wa familia ya Ichneumonidae, kwa mfano Diadegma semiclausum ndani ya viwavi wa kabichi. Anavyokua mkia unafupika, wa hatua ya mwisho hana. Kwa hiyo mkia mfupi haimaanishi spishi nyingine, pengine ni huyohuyo wiki moja baadaye.

Kichwa kikubwa kigumu cha kahawia na taya kama mundu: umbo la mandibuleti. Huyu ni mpiganaji. Utamkuta kwenye mabuu wa inzi wa matunda, kwenye kundi la Opiinae kama Fopius arisanus, yule aliyeletwa Kenya mwaka 2006 kutoka Hawaii kupambana na inzi wa embe. Taya zile sio za kutafuna chakula, ni za kuua buu mwingine yeyote aliyemo humo.

Hana umbo, kamfuko tu: sakifomu, Trichogramma ndani ya mayai ya nondo. Usihangaike kutafuta pingili, hazionekani. Cheki rahisi ni yai lenyewe, likishakuwa jeusi kabisa buu anakaribia kuwa bundo.

Ndoano mbele, pembe nyuma, na mshipi wa nywele katikati, mwili hauna pingili: telefomu, kundi la Telenomus. Telenomus remus anatoka kwenye mayai ya viwavijeshi vamizi na yuko huku kwetu tayari.

Kuna yule anaitwa encitifomu kwa sababu ni wa Encyrtidae wengi, ana bomba nyuma limeshikana na ganda la yai lake na bomba hilo linatokeza nje ya ngozi ya mwenyeji, anavutia hewa. Ukipasua vidung'ata (wadudu wadogo wenye unga mweupe wanaofyonza mmea) na kukuta buu kama amefungwa kamba kwa nyuma usimvute, utamchana. Na kwa wanaopenda mihogo, huyu ana historia ya kujivunia: Anagyrus lopezi, nyigu wa familia hiyo, alitolewa Amerika ya Kusini akaachiliwa Nigeria kuanzia mwaka 1981, na kidung'ata wa mihogo aliyekuwa ameonekana Kongo mwaka 1973 na kusambaa nchi kwa nchi akashuka karibu ukanda wote wa mihogo. Hans Herren aliyeongoza kazi hiyo akapewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Buu mdogo mwenye bomba nyuma ndo alifanya kazi yenyewe, nasema hivi kila nikikuta mtu anawatupa.

Waliobaki ni nadra mkononi mwako: saiklopoidi wa Platygastridae, kofia pana mbele na mkia wa panda; polipodifomu mwenye jozi za vitu kama miguu, wapo ndani ya mabuu wa inzi, kundi la Eucoilinae; na planidia, mwenye vibao vigumu kama magamba na anatembea mwenyewe kutafuta mwenyeji, mfano Eucharitidae wanaobebwa na chungu mpaka kwenye kiota. Kama buu wako anatembea juu ya jani kabla hata hajampata mwenyeji, ni huyo.

Kitu kimoja nisisitize sana maana kinaharibu ripoti nyingi. Haya maumbo SIO familia. Ni sura ambayo buu amepata kulingana na anapoishi. Nyigu wa familia mbili zisizo na undugu wa karibu wanaweza wote kuwa na mkia, na ndani ya familia moja ukakuta maumbo matatu. Ukiandika "ana mkia kwa hiyo ni Ichneumonidae" umeruka hatua. Andika umbo, andika mwenyeji, andika hatua, alafu familia weka alama ya kuuliza mpaka upate ushahidi wa hatua ya mwisho au nyigu mzima.

DALILI: Mabuu au mayai yamekufa, yamefunikwa na kitu cheusi au kahawia

Kiwavi amejitetea. Chembe za damu yake zinamzunguka yai au buu tabaka juu ya tabaka, zinakaza, zinageuka nyeusi, aliyemo anakosa hewa. Ukipasua unaona kidonge kama punje ya pilipili manga ndogo sana.

Sababu ya kwanza ni mwenyeji siye. Cotesia flavipes aliletwa Kenya kutoka Asia, akaachiliwa pwani mwaka 1993 kwa ajili ya bungua mgeni Chilo partellus, na kwa huyo anakua vizuri. Lakini anataga pia kwa Busseola fusca, bungua wetu wa nyanda za juu, na huko mayai yanafungiwa yanakufa. Jike hajui kwamba amepoteza.

Sababu ya pili inachanganya zaidi, spishi ni sahihi ila UKOO sio. Cotesia sesamiae ni nyigu wa asili ya Afrika, lakini wale wa pwani ya Mombasa wakitaga ndani ya Busseola fusca mayai yao yanafungiwa, na wale wa Kitale wanakua mpaka mwisho. Kwa macho ni nyigu walewale, buu walewale. Tofauti iko kwenye virusi ambavyo mama anavidunga pamoja na mayai, virusi hivyo vinazubaisha kinga ya kiwavi, na vya Kitale vinamuweza Busseola, vya pwani havimuwezi. Kwa hiyo ukianza kufuga na mabuu wanakufa wote kabla hujalaumu chakula au joto uliza kwanza nyigu wa mama walitoka wapi na viwavi walitoka wapi. Niliwahi kupoteza msimu mzima kwa sababu nilipokea vifukofuko visivyo na lebo ya mahali.

Sababu ya tatu, nyigu ametaga yai moja kwenye kiwavi mkubwa mwenye nguvu. Kiwavi mdogo ana chembe chache za kujitetea, jaribu na wadogo zaidi.

Ukiona weusi umeenea kiwavi mzima na kuna harufu mbaya hiyo sio kinga, ni bakteria, kopo zima limekwisha. Toa wote, osha kopo na jiki, kausha juani, anza upya.

DALILI: Ndani ya kiwavi mmoja kuna mabuu wa saizi na sura tofauti

Anza kwa kufikiri rahisi, nyigu wawili wa spishi moja walitaga siku tofauti, wakubwa na wadogo ni ndugu. Angalia kama wadogo wana pulizo lilelile. Kama sura ni tofauti kabisa basi ni spishi mbili zinagombania nyumba moja na mmoja atakufa, tafuta alama za kung'atwa kwa aliyelegea.

Kuna sababu ya tatu nadra lakini nzuri kuijua. Kwenye viwavi wa Plusiinae, wale wanaotembea kwa kukunja mgongo, kuna Copidosoma ambaye yai lake moja linajigawa likatoa mabuu zaidi ya 2,000 kwa kiwavi mmoja. Wengi ni wa mviringo wa kawaida, ila wachache wanatangulia kutoka, wembamba warefu wana taya kali, hao ni askari. Wanaua mabuu wa wengine, na wao wenyewe hawatakuwa nyigu kamwe, wanafia humohumo. Ukiwakuta msiwape jina la spishi ya pili.

DALILI: Mabuu wako nje, wamebandika mgongoni mwa kiwavi

Wakulima ndo wanaleta hii. Mabuu wa kijani au njano wamejipanga mgongoni mwa kiwavijeshi kama abiria, kiwavi yuko hai lakini hali vizuri wala hajivui ngozi. Hao ni Euplectrus, familia ya Eulophidae. Baada ya siku chache watashuka chini ya tumbo la kiwavi na kusuka nyuzi, kiwavi anabaki ngozi kavu juu yao kama paa. Ukiwaona ACHA KIWAVI HAPO HAPO, usipulizie dawa sehemu hiyo, huo ni mtaji.

Kama kiwavi amepooza kabisa, hasogei, na mabuu wako nje, mama alimchoma sumu kabla ya kutaga. Kwenye nafaka ghalani mara nyingi ni Bracon hebetor, ndani ya bua la mahindi angalia Goniozus. Na kama ni vifukofuko vyeupe vidogo vimerundikana kama pamba pembeni ya bungua aliyekwisha, hao hawakuishi nje, ni Cotesia wametoka ndani muda uleule wamesuka. Watu wengi wanaviita mayai ya kiwavi na kuviponda. Jamani kiwavi hatagi, anayetaga ni nondo.

Kifukofuko kimoja kinachoning'inia kwa uzi kwenye jani, kijivu na madoa meusi, ni Charops, Ichneumonidae. Huyu na Coccygidium luteum ni kati ya nyigu wa asili ya huku waliojitokeza mapema kumshambulia kiwavijeshi vamizi alipofika.

DALILI: Nimeweka kwenye spiriti, amekuwa mweusi, amesinyaa

Ulimtupa akiwa hai kwenye spiriti. Vimeng'enya vyake vinaendelea kufanya kazi mpaka spiriti iingie katikati, na yeye amejaa mafuta. Dawa: maji yaliyokaribia kuchemka, mtumbukize sekunde 30 hivi mpaka anyooke, alafu spiriti ya asilimia 70, kesho yake badilisha weka 80. Anabaki mweupe, amenyooka, pingili zinahesabika. Ila yule utakayempeleka kupimwa DNA usimpitishe kwenye maji ya moto, mweke moja kwa moja kwenye spiriti ya 95 au zaidi na umuweke kwenye friji. Kwa hiyo gawa ndugu, wengine huku wengine kule.

DALILI: Nimefika hatua ya mwisho lakini ufunguo wa utambuzi haunipeleki popote

Hapa ndipo kichwa kinatakiwa. Buu aliyekomaa wa Ichneumonidae na Braconidae ana fremu ya vipande vigumu kuzunguka mdomo: upinde juu, nguzo mbili ubavuni zinazoshika taya, mkono unaoenda nyuma ya shavu, na chini duara au kiatu cha farasi kinachozunguka mdomo wa chini ambako hariri inatokea. Umbo la hicho cha chini, meno kwenye taya (Cotesia wana taya ndefu yenye meno kama kitana), papasi kama ni chuchu au ni kidoa tu, na umbo la matundu ya hewa, hivyo vinne ndivyo vinavyotofautisha makundi. Kwa Chalcidoidea (kundi kubwa la nyigu wadogo sana) wengi vipande hivyo vimepungua sana, taya ndogo ya jino moja na basi, kwa hiyo ukikosa fremu usidhani umeiharibu.

Kosa la kawaida ni kutazama buu mzima, mafuta yanaziba kila kitu. Unahitaji ngozi tupu. Na habari njema huhitaji kumuua buu: akigeuka bundo anaacha ngozi yake ya mwisho ndani ya kifukofuko, imekunjwa kule mkiani karibu na ule uchafu. Subiri nyigu atoke, chukua kifukofuko kitupu, chokoa ile ngozi. Sasa una nyigu mzima mwenye jina na ngozi ya buu wake, ushahidi kamili.

Iloweke kwenye potasiamu haidroksidi ya asilimia 10, baridi, usiku mmoja, ngozi kavu ya kwenye kifukofuko saa chache zinatosha. Ioshe kwenye maji yenye tone la siki, itie rangi kidogo ya asidi fuksini, inyooshe kwenye slaidi uso ukiangalia juu. Kama imeyeyuka yote, uliichemsha au uliisahau. Kama bado ina ukungu, rudisha saa mbili zaidi.

SIMAMA: potasiamu haidroksidi inaunguza ngozi na inapofusha. Vaa glovu na miwani, usiipashe jikoni, usiiweke kwenye chupa ya soda hata dakika moja kama kuna watoto. Ikiingia jichoni osha kwa maji yanayotiririka dakika 15 bila kusimama kisha hospitali. Na chupa ya spiriti isikae karibu na moto wa kupashia. Kama huna vifaa hivi usifanye mwenyewe, peleka sampuli.

DALILI: Kimetoka nyigu tofauti na niliyetegemea

Kwanza lebo zimechanganyika, kagua. Pili, ni kimelea cha kimelea: nyigu mwingine alitaga juu ya buu wa nyigu wako. Kwa vidukari waliokauka kwa sababu buu wa nyigu yumo ndani, wale wenye rangi ya majani makavu ni Aphidius, weusi fikiria Aphelinus au Ephedrus. Aphidius akitoka anaacha tundu la duara lililokatwa safi na kifuniko chake, ukiona tundu lenye kingo zilizotafunwa ovyo, ametoka kimelea cha kimelea kama Dendrocerus, Asaphes au Pachyneuron. Ukiwa unafuga kwa ajili ya kuachilia shambani na umeona matundu hayo, SIMAMISHA kuachilia, maana utasambaza adui wa rafiki yako. Kila kifukofuko kiwekwe peke yake mpaka uhakikishe.

DALILI: Majina hayalingani kati ya maandiko na maandiko

Wala hujakosea. Apanteles sesamiae na Cotesia sesamiae ni mmoja, Mason aliligawa jenasi la Apanteles mwaka 1981. Epidinocarsis lopezi, Apoanagyrus lopezi na Anagyrus lopezi ni mmoja. Telenomus utamkuta Scelionidae, alafu Platygastridae kuanzia 2007, alafu Scelionidae tena kuanzia 2021. Pteromalidae ilivunjwa mwaka 2022 ikatoa familia nyingi. Andika jina jipya, na la zamani liweke pembeni ili mwingine akufuate.

LINI UACHE NA KUMWITA MTAALAMU

Ukihitaji jina la spishi na una buu peke yake bila nyigu mzima wala DNA, acha, hata bingwa atakwambia familia au jenasi. Ukitaka kuhamisha nyigu kutoka nchi moja kwenda nyingine, hata ni vifukofuko vitano kwenye kibiriti, usivuke mpaka bila kibali, Kenya ongea na KEPHIS, Tanzania ongea na TPHPA Arusha, ndio taasisi za serikali za afya ya mimea. Kwa utambuzi, icipe (kituo cha utafiti wa wadudu) na Makumbusho ya Taifa Nairobi wana watu na makusanyo, Morogoro kuna SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine).

Ukituma, weka kwenye chupa kwa penseli, sio kalamu ya wino maana spiriti inafuta: mwenyeji ni nani na alikuwa na ukubwa gani, mmea gani, kijiji na mwinuko, tarehe uliyookota kiwavi, tarehe buu alipotoka, alikuwa ndani au nje, peke yake au wangapi. Karatasi iingie NDANI ya chupa pamoja na buu, ya kubandika nje inabanduka njiani.